Nani Atamwitikia Akiteng?

Jumapili hiyo Anyait aliondoka kanisani kabla ya matangazo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu abatizwe, na hakujali nani amemwona. Matangazo yenyewe alikuwa ameshayajua: harambee ya paa, mkutano wa akina mama, na kijana wa kwaya aliyepoteza simu yake tena. Yeye alikuwa na tangazo lake. Alikuwa amelisikia redioni kwa masikio yake mawili, mtangazaji akisema kwa Kiteso kwamba mzee Ojakol atapiga gita Malaba, klabu kwa Mercyline, Jumapili mchana, na kwamba baada ya hapo analiweka chini, vidole vimemkataa. Akasema wimbo wa Akiteng nao utaimbwa kwa mara ya mwisho. Hapo ndipo Emong, mwanawe Anyait, alipoinuka akaizima redio.

Aliizima, akarudi kwenye ugali wake. Lakini mama wa miaka themanini, tena mwenye mdomo kama wa Anyait, akinyamaza ghafla mezani, mtu mwenye akili hujiuliza kulikoni. Emong aliongeza mchuzi.

Sasa huyo Akiteng alikuwa kifungua mimba wa Anyait, dada mkubwa wa Emong, na mke wa huyo Ojakol mpiga gita. Alikufa miaka kumi na moja iliyopita. Ugonjwa ulimchukua haraka, na wakati anachukuliwa mumewe alikuwa Jinja na gita lake, simu haipatikani. Alifika maiti imeshaoshwa. Emong hakumsamehe siku ile na hajamsamehe mpaka leo. Kwenye mazishi aliwapanga ndugu zake langoni kwa Ojakol akasema gita likilia hapa, dada yetu tunaondoka naye na jeneza lake. Basi Ojakol, aliyewaimbia wafu wa watu kutoka Amukura mpaka Tororo, akamzika mke wake mwenyewe kimya kimya kama mtu asiye na ulimi.

Wimbo aliutunga baadaye, na ndio uliompa jina. Watu wa Malaba huuita muziki wake bluzi. Neno hilo liliachwa na dereva mmoja wa trela aliyekuwa na kaseti za Wamarekani weusi, na Ojakol alilipenda akalichukua. Iwe bluzi isiwe bluzi, ni kilio chenye mpigo, na ukikisikia huku una yako moyoni, utaomba udhuru utoke nje.

Lakini wimbo wa Akiteng haujawahi kuisha. Nyumbani kwao Anyait, mwimbaji akimtaja marehemu huuliza: huyu ni wa nani? Huuliza mara tatu. Na mtu wa nyumba alikozaliwa marehemu husimama mbele yake, macho kwa macho, akajibu: wetu. Neno moja tu. Mume hawezi kulijibu, wala watoto, wala jirani mwenye huruma. Likijibiwa, wimbo unaendelea hadi mwisho, marehemu anasifiwa, watu wanainamia mirija yao kwenye chungu cha ajono, pombe ya wimbi, wanacheza, wanakwenda kulala. Lisipojibiwa, mwimbaji anaacha pengo, gita linatembea peke yake, halafu wimbo unakatikia hapo.

Redioni watu hulisifu hilo pengo. Wanasema mzee ana ufundi, anajua kunyamaza. Ufundi gani! Kila ulipopigwa wimbo ule, Anyait alisikia ikiulizwa binti yake ni wa nani mbele ya dunia nzima, na dunia nzima ikikaa kimya, kana kwamba Akiteng aliokotwa kando ya barabara. Ilimuuma kuliko kifo chenyewe. Kifo ni cha Mungu. Kimya kile kilikuwa chao wenyewe, cha nyumba yake, na kila mwaka kilizidi kumkaba.

Angejibu zamani sana. Shida ni kwamba Ojakol ni mkwe wake, na mkwe hatazamwi. Wakikutana njiani mmoja aingie shambani. Hawali mahali pamoja, hawashikani mikono, hawaitani majina. Kwa miaka zaidi ya arobaini Anyait alimjua mume wa binti yake kwa kisogo na visigino. Alipokuja kuwatembelea alifikia kwenye nyumba ya wavulana, akapiga gita huko, na Anyait akasikiliza kutoka jikoni huku akijifanya anachambua mboga. Ipo njia ya kuumaliza mwiko huo: mke mwenyewe, akishakuwa mtu mzima na watoto wake wamekua, humshika mumewe mkono akamwingiza kwa mama yake, wakasalimiana, yakaisha. Akiteng alikuwa ameshaanza kutafuta mbuzi wa siku hiyo alipougua.

Kwa hiyo wa kujibu alibaki Emong, maana ndugu zake hawakuthubutu kumtangulia. Na Emong alisema heri ulimi wake ukauke.

Jumamosi jioni Emong alikuwa ameshang'amua kimya kile cha mezani. Alimkuta mama yake akipiga pasi gomesi ya kitambaa kizuri, gauni refu la mabega yaliyochongoka, ile ya zambarau, akamuuliza anakwenda wapi nayo. Anyait akasema kanisani. Emong akauliza na baada ya kanisa. Anyait akasema baada ya kanisa ni baada ya kanisa. Basi mwana akaketi, akaanza kumhesabia mama yake maovu: kwamba mama mkwe kuingia klabu ni aibu, kwamba kumtazama mkwe akikatika kiuno ni laana, kwamba wazee walisema anayeuvunja mwiko huo hutetemeka mwili hadi siku ya kufa. Anyait akamwambia yeye hata chai akimimina hutetemeka, na hajamtazama mkwe wa mtu. Emong hakucheka. Ni mwanaume mzuri huyo Emong, mzee wa kanisa, hajawahi kumwacha mama yake alale njaa. Ila hasira yake imekaa sana hadi imekuwa kama kiti cha nyumbani, hawezi kuona sebule bila hicho.

"Ukiingia pale, mama," alisema akiwa mlangoni, "usiniite mwanao tena."

Anyait aliendelea kupiga pasi. Alimjua mwanawe, hasemi maneno ya kuokota. Alipomaliza alitundika gomesi msumarini, akaketi kitandani, akalia kidogo. Kisha akajifuta na kuseti saa ya simu.

Nje ya kanisa alikuwa anangojwa na Nasimiyu, rafiki yake wa tangu ujana, mwanamke wa Kibukusu anayeuza dagaa wa omena soko la Malaba na ambaye hajawahi kumwogopa mtu aliye hai. Nasimiyu ndiye aliyekwenda kuongea na Mercyline, mwenye klabu. Mpango wao ulikuwa wa akili kabisa, au waliuona hivyo. Anyait atakaa jikoni, nyuma ya ukumbi. Mlango wa jikoni hauna ubao, una shuka iliyotundikwa kwa kamba. Ojakol akiuliza, Anyait atajibu kutoka nyuma ya shuka. Sauti itapita, macho hayatakutana, mwiko utabaki mzima na Akiteng atakuwa amejibiwa. Hata Emong, alisema Nasimiyu, hatakuwa na pa kushika. Kwamba anayejibu husimama macho kwa macho, hilo walilipita haraka haraka kama watu wanaopita nyumba ya mdai.

Wakashuka kwa miguu kando ya foleni ya trela iliyotoka mpakani ikapanda hadi inakopotelea. Madereva walikuwa wamelala chini ya magari yao juu ya mikeka, wengine wanafua soksi. Vijana wa kubadilisha pesa za Uganda waliwaita mama, mama, njoo huku, na Nasimiyu akawajibu kwa Kiganda kitu kilichowafanya wacheke na kuinamisha vichwa. Anyait hakusikia. Alikuwa anajizoeza lile neno mdomoni. Wetu. Wetu. Neno dogo vile, na lilikuwa linamgandia kwenye meno ya bandia.

Kwa Mercyline ni chumba kimoja cha matofali na mabati, nusu ya ukuta imepakwa rangi ya samawati, viti vya plastiki, meza ya pool imesukumwa pembeni na kufunikwa gunia. Jukwaa ni paleti mbili za mbao za kupakilia mizigo zilizotoka kwenye trela fulani. Watu walikuwa wameshajaa: wazee waliokuja na fimbo zao, madereva, akina mama wachache wenye ujasiri wao, na vijana wengi wenye simu mkononi waliokuja kuona kitu cha kizamani. Anyait aliingizwa kwa mlango wa nyuma. Gomesi yenye mabega yale haikutengenezwa kwa ajili ya kujificha, na mpishi aliyekuwa anakaanga samaki wa Port Victoria ilimbidi ahamishe sufuria mbili ili mama apate pa kukaa.

Gita likaanza.

Anyait alikula yamini hatachungulia. Akachungulia. Shuka ilikuwa na tundu la kuchomwa na pasi, kana kwamba liliwekwa hapo kwa ajili yake. Na alichokiona kilimchoma. Ojakol alikuwa mzee! Akilini mwake mkwe wake alikuwa bado kijana mwenye nywele nyingi na suruali pana, maana kisogo alichokijua ni cha siku zile. Huyu aliyeketi juu ya paleti alikuwa na shingo nyembamba, kofia iliyomzidi, viatu vilivyong'arishwa sana, na mikono iliyotetemeka kabla hata haijagusa nyuzi. Kando yake Okwara, rafiki yake wa miaka yote, alikwaruza chupa ya soda kwa msumari, krr-krr, krr-krr, ndiyo ngoma yao hiyo hawana nyingine. Anyait alimhurumia mkwe wake, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma kama mtu, si kama mume wa mtu.

Wimbo wa kwanza ulimshinda. Kidole kilikosa uzi mara moja, mara mbili, na vijana wa mbele wakacheka wakaanza kurekodi. Mmoja akauliza kwa sauti kama mzee ameletwa kutoka wodini. Ojakol akaacha kupiga. Akawatazama mmoja mmoja bila haraka.

"Vidole ni vyangu na makosa ni yangu," akasema. "Mwenye haraka, trela ziko nje."

Wazee wakapiga fimbo sakafuni. Kisha akaanza upya, na safari hii alibadilisha namna. Vidole vilivyokataa aliviacha vipumzike, akapiga kwa dole gumba na kidole kimoja tu. Dole gumba likakanyaga chini, zito, halina mbwembwe, kile kidole kimoja kikalia juu yake. Mle alimotetemeka aliuacha uzi nao utetemeke, akaimba na huo mtetemo. Sauti ilikuwa imepasuka lakini ilikuwa inafika. Akaimba mvua iliyokataa Angurai, akaimba dereva aliyezeekea kwenye foleni, akamwimba mwanamke mmoja wa Busia aliyemfukuza na viatu mkononi, na hapo watu wakavunjika mbavu. Simu za vijana zilishuka moja moja. Yule wa wodini alikuwa ameshika kichwa. Nyuma ya shuka Anyait alijikuta anatikisa bega, na mpishi wa samaki alikuwa anamwangalia, na akamwambia mpishi aangalie mafuta yake.

Ndipo Ojakol akavua kofia, akaivaa tena, na kila mtu akajua ni upi unakuja.

Akauanza taratibu. Alimsifu Akiteng mikono, alimsifu mwendo, alisifu vile alivyokuwa akimgombeza huku anacheka. Anyait alishika ukingo wa meza ya jikoni. Vyote vilikuwa kweli. Ndivyo alivyokuwa, hasa kule kugombeza. Halafu gita likashuka chini, na Ojakol akauliza kwa Kiteso, bila kumtazama mtu, kama mtu aliyeshazoea kutojibiwa: "Akiteng ni wa nani?"

"Wetu," akasema Anyait.

Alilisema kwa nguvu zake zote. Lakini nguvu zake zote ni za mama wa miaka themanini, na wakati huohuo mpishi alikuwa ametumbukiza samaki mbichi, na mafuta yakapiga kelele kama mvua juu ya bati. Neno halikufika hata kwenye shuka. Ukumbini lile pengo likakaa pale pale, gita likatembea peke yake. Hakuna aliyegeuka.

Hasira zikampanda Anyait. Kuja kote huku, kubishana kote kule, na Akiteng amenyamaziwa tena huku mama yake yuko hatua chache tu! Nasimiyu alimwondoa mpishi jikoni kwa kumsukuma tu, sufuria ikawekwa chini, wakabaki wenyewe. Akamnong'oneza Anyait kwamba yeye ana koo la sokoni, amwachie, apige yeye hilo neno mara moja ukuta uanguke. Anyait akamkatalia. Likisemwa na mtu asiye wa nyumba ile ni uongo, na uongo kwa marehemu ni mbaya kuliko kimya. Wakiwa kwenye ubishi huo ndipo Ojakol alipouliza mara ya pili, na pengo la pili likapita kabla Anyait hajavuta pumzi.

Na hapo hapo akasikia pikipiki. Huijui wewe, lakini Malaba nzima inaijua pikipiki ya Emong, ina kikohozi. Ilizimwa mbele ya klabu. Sauti ya Emong ikasikika mlangoni, ya adabu kama kawaida yake, ikimuuliza Mercyline kama mama yake yuko humo ndani. Mercyline akaanza kujibu kwa mafumbo, kwamba hapa wanaingia mama wengi, mama yupi.

Huo ndio uliokuwa wakati wa kutoka kwa mlango wa nyuma. Nasimiyu alishaufungua. Anyait angeweza kufika nyumbani kabla ya mwanawe, akavua gomesi, akaweka maji ya chai, na maisha yakaendelea kama yalivyokuwa. Alifikiria hilo. Hakuna haja ya kumpaka rangi ya ushujaa, alilifikiria, na alilitamani, maana alimpenda Emong na alikuwa na umri wa kuhitaji mtoto. Kisha akasikia dole gumba la Ojakol likishuka polepole kuelekea swali la tatu, la mwisho, na baada ya hilo hakuna lingine duniani.

"Nitajibu mlangoni kwa nani, kama si mimi?" akamwambia Nasimiyu. Haikuwa na maana sana, lakini ndivyo alivyosema.

Akaenda. Bega la gomesi likanasa kwenye shuka, kamba ikakatika, na Anyait akatokea ukumbini akiburuta shuka nyuma yake kama bibi harusi aliyechelewa. Watu wakaanza kucheka, kisha wazee wakamtambua, na kicheko kikafa. Alipita katikati ya viti. Alisimama mbele ya paleti zile mbili. Ojakol alikuwa ameinamia gita, macho yamefumbwa, akauliza: "Akiteng ni wa nani?"

"Wetu," akasema Anyait. "Mimi ndiye niliyemzaa. Ni wetu."

Gita likakatika. Ojakol alifumbua macho akauona uso wa mama mkwe wake, na akafanya walichofundishwa wote: akavua kofia haraka akajifunika nayo uso, akageuka upande. Alitaka kukimbia, maskini, miguu ilishaanza kutafuta pa kukanyaga. Lakini jukwaa lile liko pembeni, nyuma ni ukuta, na mbele amesimama yeye mwenyewe anayekimbiwa. Mzee mmoja kwenye viti akaanza kuguna kwamba haya mambo sasa yamekuwa mambo gani. Okwara alikuwa ameshika chupa na msumari hewani.

Emong akafika katikati ya ukumbi. Alikuwa bado na suti ya kanisani. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Mama, twende nyumbani."

Anyait hakugeuka. Angegeuka angemwona mwanawe, na angemwona angekwenda naye.

"Dada yako ndiye angetushikisha mikono, mimi na huyu," akasema. "Hayupo. Wewe ukakataa kumsemea. Miaka yote hii anaulizwa ni wa nani, na sisi tupo, tunakula, tunasali, tunazima redio. Mimi nimechoka kuona aibu zaidi kwa kumtazama mkwe kuliko kwa kumkana mtoto. Kama ni kutetemeka, nitatetemeka. Kama hutaki nikuite mwanangu, nitakuita Emong. Lakini nyumbani siendi mpaka huu wimbo uishe."

Nje trela moja ilipiga honi ndefu na hakuna aliyeisikia. Kisha Anyait akamgeukia yule aliyejifunika kofia, na neno la kwanza alilowahi kumwambia tangu amwoe binti yake lilikuwa hili:

"Mkwe, vaa kofia yako upige."

Kofia ikashuka kidogo kidogo. Macho ya Ojakol yalikuwa mekundu na yamelowa. Aliutazama uso wa Anyait kwa muda, labda alikuwa anamtafuta mtu mwingine ndani yake, na yawezekana alimpata, kwa sababu aliitikia kwa kichwa, akaivaa kofia, akalipandisha gita kwenye goti. Lakini hakupiga. Alikuwa amekwama. Wimbo ulioishia kwenye pengo miaka yote hiyo haukuwa na maneno ya mbele. Hajawahi kuyatunga, angeyatunga ya nini? Alimtupia Okwara jicho. Okwara, asiyejua afanye nini, akafanya anachokijua: krr-krr, krr-krr.

Basi Ojakol akayatafuta maneno palepale mbele ya watu. Yalikuja yamevunjika, dole gumba likiyangoja. Aliimba kwamba alikuwa Jinja. Hakusema alikuwa mgonjwa wala alikuwa na dharura, aliimba kwamba alikuwa Jinja, anapigia harusi ya mtu asiyemjua, amekunywa, simu imezimika na hakuona haja ya kuitafutia chaji. Aliimba kwamba mkewe alikata roho ameshikwa mkono na mama yake na si na yeye. Hakuomba msamaha, labda kwa sababu aliona ni jambo kubwa mno kuliombea kwenye paleti. Anyait alisikiliza amesimama wima. Ilimuuma na ilimponya, vyote pamoja, na kila Ojakol alipofika mwisho wa mstari alimjibu kwa sauti, sema, sema tena, na ukumbi mzima ukaanza kumjibu pamoja naye. Mercyline alileta kiti, Anyait akakikataa.

Akamaliza ubeti wa mama. Sasa, baada ya ubeti wa mama huja wa ndugu, ndiyo desturi, na Ojakol ni mtu wa desturi, hata leo. Gita likashuka tena. Akainua macho, akampita Anyait, akamtazama yule mwanaume wa suti aliyesimama katikati ya viti.

"Akiteng ni dada yake nani?"

Anyait bado hakugeuka, lakini mgongo wake wote ulikuwa unasikiliza. Alisikia kiatu kikisogea. Alisikia kiti cha plastiki kikisukumwa, kisha hatua, nzito, zilizonyooka, zikienda mlangoni, zikitoka. Pengo likakaa pale kama lilivyokuwa limezoea kukaa. Anyait akajua kwamba hili ndilo alilokuwa amekubali kulipoteza alipoipita shuka, na kwamba limepotea kweli. Machozi yalimjia akayaacha yashuke, hana wa kumficha.

Ojakol alikuwa anamtazama, dole gumba juu ya uzi, akingoja kuambiwa kama amalizie hapo.

Anyait aliinua mkono asubiri. Alikuwa anangoja pikipiki iwashwe. Alingoja kile kikohozi chake, alingoja iondoke iingie barabarani, na watu wote wakangoja naye bila kujua wanangoja nini. Haikuwashwa. Upande wa pili wa ukuta, karibu na dirisha, mtu alikohoa kidogo, kama mtu anayejifanya ana shughuli nyingine pale.

Anyait alijifuta uso kwa ncha ya gomesi.

"Uliza tena, mkwe," akasema. "Na uimbe kwa sauti. Kuna mtu nje."